FUNDO NDANI YA DAMU: historia ya sikoseli, kutoka kwenye karoti hadi Temeke

SEHEMU YA 1: Mikono iliyovimba

Wiki hii siongelei uji wala chanjo. Nawaletea historia. Ni ndefu, ndiyo maana nimeigawa sehemu sita. Naomba usome hadi mwisho, maana mwisho wake uko hapa hapa kwetu.

Wanaonijua wanajua naishi Keko, huku kwa mafundi wa makochi na vitanda, ambako asubuhi unaamshwa na randa kabla ya jogoo. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja kijana alinigongea saa tano usiku. Mtoto wake wa miezi tisa analia hanyamazi, viganja na nyayo vimevimba kama vimejazwa hewa. Alishazunguka sana. Sehemu moja aliambiwa mtoto ameangushwa na dada wa kazi. Sehemu nyingine akapewa dawa ya maumivu, akarudishwa nyumbani. Na nyumbani mama mkwe akatoa lile neno ambalo wengi wenu mmeshalisikia: "Kwetu sisi hatuna mambo haya. Haya umekuja nayo wewe."

Kesho yake tulienda kupima. Ikawa sikoseli, au kwa jina la vitabuni, selimundu.

Yule mama hakuniuliza kwanza kuhusu dawa. Aliniuliza, "Dada nesi, nimemkosea nini mwanangu?"

Usiku ule nilimjibu kwa kifupi, kwa sababu mtoto alikuwa analia. Jibu refu ndilo hili.

SEHEMU YA 2: Karoti, tambi na utosi wa mtoto

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1888, mjini Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa anachunguza kolesteroli aliyoitoa kwenye karoti. Ndiyo, karoti hizi hizi unazokwangulia pilau. Alitengeneza kutoka humo unga fulani, akaupasha moto. Kwenye nyuzijoto 145.5 ukayeyuka, lakini ukawa na ukungu kama maji ya mchele. Akaongeza moto. Kwenye nyuzijoto 178.5 ule ukungu ukatoweka, ikabaki maji meupe safi. Yaani kitu kimoja kimeyeyuka mara mbili!

Akamwandikia mwanafizikia wa Kijerumani, Otto Lehmann. Huyu akatazama kwa hadubini, na mwaka 1889 akaandika kwamba kuna fuwele zinazotiririka. Leo tunaziita fuwele kimiminika.

Ni nini hiyo? Fikiria tambi. Zikiwa kwenye pakiti zimelala zote upande mmoja, zimenyooka. Sasa fikiria tambi hizo zinaweza kuteleza, zikatiririka kama maji, na bado zote zikaendelea kuelekea upande mmoja. Hiyo ndiyo fuwele kimiminika. Inatiririka, lakini ina mpangilio. TV nyingi bapa za siku hizi, na simu nyingi, zinafanya kazi kwa kitu hicho: umeme unaigeuza ile mipangilio, mwanga unapita au unazuiwa, wewe unaona tamthilia.

Mwaka 1922 Mfaransa Georges Friedel aliipa aina moja ya fuwele hizi jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Kwa nini uzi? Kwa sababu alipotazama kwenye hadubini aliona mistari kama nyuzi, na mistari hiyo ni sehemu ambazo mpangilio umekosana.

Mama, hili unalijua, hujui tu kama unalijua. Mtazame mtoto wako mchanga utosini. Kuna pale nywele zinapozunguka kama kimbunga kidogo. Chana utakavyo, paka mafuta, laza kwa brashi. Utakihamisha kile kimzunguko kidogo, lakini hutakifuta. Kuna elimu nzima ya hesabu inayoshughulika na mambo ya namna hiyo: fundo gani linafunguka kwa kuvutwa tu, na lipi haliwezi kufunguka mpaka ukate uzi. Mwaka 2011 wanasayansi wa Ljubljana, Slovenia, waliweza hata kuzifunga zile nyuzi za ndani ya fuwele kimiminika kuwa mafundo ya kweli, wakizizungusha kwenye vishanga vidogo visivyoonekana kwa macho, wakitumia mwanga wa leza.

Najua unajiuliza: nesi, karoti na TV vinahusiana nini na mtoto wa Keko aliyevimba mikono? Twende sehemu ya tatu.

SEHEMU YA 3: Mwanafunzi wa Grenada

Mwaka 1904 kijana anaitwa Walter Clement Noel alitoka kisiwa cha Grenada kwenda Chicago, Marekani, kusomea udaktari wa meno. Akawa anaugua mara kwa mara: kifua, maumivu, damu kupungua. Daktari kijana Ernest Irons alipoitazama damu yake kwenye hadubini aliona chembe nyekundu zilizopinda na kuchongoka. Bosi wake, James Herrick, aliziandika kwenye jarida la madaktari mwaka 1910, akasema zina umbo la mundu. Jina la ugonjwa likatoka hapo. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao, akang'oa watu meno kwa miaka michache, akafariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 32.

Tukumbuke jambo moja. Herrick ndiye aliyeandika, lakini ugonjwa haukuanza siku hiyo. Bibi zetu walishawazika watoto wa namna hii vizazi na vizazi. Walichokosa ni hadubini.

Mwaka 1927, Vernon Hahn na Elizabeth Gillespie waligundua kitu kikubwa. Chembe hizi zinapinda pale oksijeni inapokosekana. Ukiwarudishia oksijeni, nyingi zinarudi kuwa duara. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka 1940 mwanafunzi wa udaktari, Irving Sherman, alizitazama chembe zilizopinda kwa mwanga maalumu uliochujwa, ule unaotetemeka upande mmoja tu. Zikang'aa! Chembe ya kawaida ya damu haing'ai hivyo. Kitu kikimeremeta kwenye mwanga huo, maana yake ndani yake kuna mpangilio, kuna vitu vimelala upande mmoja kama zile tambi.

Kisha mwaka 1950, huko Boston, John Harris akachukua himoglobini ya wagonjwa wa sikoseli. Himoglobini ndiyo ile inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Aliitoa kabisa nje ya chembe, akaiondolea oksijeni. Majimaji yale yakawa mazito, na ndani yake yakatokea mafungu membamba yaliyochongoka huku na huku, mfano wa punje za mchele, yanang'aa kwenye ule mwanga.

Umeona tulikofika? Ni fuwele kimiminika. Jambo lile lile lililoanza na karoti za Prague, sasa liko ndani ya damu ya mtoto.

SEHEMU YA 4: Kamba ya nyuzi 14

Sasa nikueleze kinachotokea ndani, taratibu, kama tunaongea barazani.

Himoglobini ya kawaida ni kama shanga zilizomwagwa kwenye bakuli la mafuta. Zinateleza, hazishikani. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya sikoseli ni tofauti na ya kawaida. Mwaka 1956 Vernon Ingram, kule Cambridge, akaanza kuonyesha tofauti hiyo iko wapi. Kumbe ni kipande kimoja tu kilichobadilika katika mnyororo wenye vipande 146. Kimoja! Lakini kipande hicho kinanata. Oksijeni ikiondoka, shanga moja inaishika nyingine, na ile inaishika ya tatu, unatokea uzi.

Nyuzi zenyewe hazikai peke yake. Zinajisokota. Watafiti waliopiga picha kwa hadubini kubwa miaka ya 1970 waliona kamba moja ina nyuzi 14 zilizozungushana. Kama umewahi kuona kamba ya katani inavyosokotwa, umeshaiona. Tena kamba ikishatokea, kamba nyingine zinachipua ubavuni mwake, na hizo nazo zinachipuza nyingine. Chembe ya damu ambayo ilikuwa laini, inayojikunja na kupenya mishipa myembamba kama unywele, sasa ina fungu la kamba ngumu tumboni. Lazima ichongoke.

Na hata umbo linategemea kamba zilianzia wapi. Oksijeni ikiondoka polepole, kamba zinaanza kwenye kitovu kimoja, zinalala pamoja, chembe inakuwa mundu mrefu. Ikiondoka ghafla, zinaanza kwenye vitovu vingi kwa wakati mmoja, kila kundi linaelekea kwake, na chembe inakuwa na vinundu vinundu.

Haya, hapa ndipo mama anapohusika. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walipima kwamba kamba hazitokei papo hapo. Kuna muda wa kusubiri kabla hazijaanza. Chembe nyingi zinawahi kupita kwenye mishipa myembamba na kurudi kwenye mapafu kuchukua oksijeni kabla muda huo haujaisha. Fundo halijafungwa, mtoto anacheza, hana habari.

Lakini muda huo ni mwepesi sana kufupishwa. Chembe ikikauka kidogo tu, shanga zikasogeleana, muda unapungua mara nyingi mno. Ndiyo maana sisi manesi tunakazania maji, maji, maji. Hatukusumbui. Ndiyo maana tunaogopa homa, kuharisha na kutapika kwa mtoto huyu kuliko kwa mwingine. Ndiyo maana tunasema asipigwe na baridi na asilowe mvua akaachwa hivyo: baridi inabana mishipa, chembe zinachelewa njiani, kamba zinapata muda wa kujisokota.

Chembe zilizochongoka zinaziba mshipa. Nyama na mifupa iliyo mbele ya pale inakosa damu. Hayo ndiyo maumivu. Ni maumivu ya kweli, si mtoto kudeka. Kwa mtoto mdogo mara nyingi yanaanzia kwenye viganja na nyayo, kama kwa yule mtoto wa usiku ule.

Na ile habari ya oksijeni kufungua fundo? Ni kweli. Chembe ikifika kwenye mapafu, kamba zinayeyuka, inakuwa duara tena. Lakini kila inapofungwa na kufunguliwa, ngozi yake inaumia. Mwishoe inabaki imepinda hata kama oksijeni ipo tele. Yaani kuna fundo linalofunguka, na kuna lililokaa sana mpaka halifunguki. Kazi yetu yote ni kuwahi.

SEHEMU YA 5: Hesabu ya Musoma

Sasa turudi nyumbani, Afrika Mashariki.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alipita Kenya akikusanya damu za watu. Akaona jambo la ajabu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, watu wengi walikuwa wabebaji wa sikoseli, sehemu nyingine zaidi ya mmoja kati ya watano. Nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna. Mbebaji ni mtu aliyerithi upande mmoja tu: haumwi sikoseli, lakini anaweza kumrithisha mtoto.

Alijiuliza: kitu kinachoua watoto kinawezaje kuwa kingi hivi? Jibu lake lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya watoto 290 wa Buganda. Kati ya watoto 43 wabebaji, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio wabebaji, walikuwa 113. Alifanya pia jaribio ambalo mimi kama nesi linanikera: watu wazima 30 wa Kijaluo waliambukizwa malaria makusudi, wabebaji 15 na wasio wabebaji 15. Wabebaji waliougua walikuwa 2, wale wengine 14. Waliitwa watu wa kujitolea. Leo kamati yoyote ya maadili ingewauliza maswali mengi sana kabla ya kuruhusu.

Lakini inayonitoa machozi ni hesabu ya Musoma, Tanganyika yetu, iliyochapishwa mwaka 1956. Allison alipima watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Soma taratibu.

Kati ya watoto 287, wenye sikoseli walikuwa 9. Hiyo ni kama 3 katika kila 100.

Kati ya watu wazima 654, wenye sikoseli walikuwa 5. Hawafiki hata 1 katika kila 100.

Wengine wako wapi, mama? Unajua waliko. Hakuna aliyewaandika majina. Wanaonekana kwa kutokuwepo kwao kwenye ile safu ya watu wazima.

Tazama na upande wa pili. Wabebaji kati ya watoto walikuwa 89, kama 31 katika kila 100. Kati ya watu wazima walikuwa 249, kama 38 katika kila 100. Wabebaji waliongezeka kwa sababu malaria iliwachukua wengi wa wale wasio na kinga hiyo.

Kwa hiyo ile damu ambayo mama mkwe anaitupia upande wa pili ndiyo iliyowavusha babu zetu kwenye malaria. Si mkosi, si laana. Kinga ya wengi imelipiwa na watoto wachache waliorithi pande zote mbili.

Nasema pande zote mbili. Mwaka 1949 James Neel kule Marekani, na E. A. Beet aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walionyesha kila mmoja kivyake namna sikoseli inavyorithiwa. Neel akaeleza wazi: mtoto mwenye sikoseli amepokea kwa mama na kwa baba. Basi hoja ya "umekuja nayo wewe" ilishajibiwa tangu mwaka 1949, kabla hata mama mkwe hajazaliwa.

SEHEMU YA 6: Temeke

Mwaka 2004 pale Muhimbili ulianza mpango wa kuwafuatilia wagonjwa wa sikoseli kwa miaka, ukiongozwa na Profesa Julie Makani. Mwaka 2011 walichapisha walichoona kwa wagonjwa 1,725. Waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa ni watoto wa chini ya miaka mitano. Ni kama hesabu ya Musoma imepata sauti: hatari iko mwanzoni, basi tuanze mwanzoni.

Kati ya 2015 na 2016, wakapima watoto wachanga Muhimbili na hapa kwetu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Tone la damu kisiginoni, mtoto analia kidogo, basi. Watoto 3,981. Waliokutwa na sikoseli ni 31. Wabebaji walikuwa kama mmoja kati ya wanane. Hesabu majirani wa kwenye korido yenu uone.

Kwa nini mtoto mchanga apimwe wakati anaonekana mzima? Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliligusia mwaka 1948. Mtoto anazaliwa na himoglobini ya tumboni, na hiyo haijisokoti kwenye kamba. Inamlinda. Kuanzia kama miezi sita inakuwa imepungua sana, na kamba zinaanza. Kwa hiyo ile miezi ya mwanzo ni zawadi. Ukijua mapema unaitumia. Usipojua, unagundua siku ya mikono kuvimba.

Kuna dawa inaitwa hydroxyurea. Kazi yake kubwa ni kuurudisha mwili kwenye kutengeneza ile himoglobini ya utotoni, ili muda wa kusubiri urefuke na kamba ziwahiwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa dawa hiyo watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, Kilifi na Mbale zikiwemo. Maumivu yalipungua, maambukizi yalipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Ni dawa ya daktari, inahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Usinunue kwa kusikia.

Sasa ya kufanya, fupi fupi.

Hajapimwa? Omba kipimo kliniki, ukitaja neno lenyewe: sikoseli. Mnataka kuoana au kuzaa? Pimeni wote wawili. Mkiwa wote wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye sikoseli. Kila mimba, siyo "tumeshapata mmoja basi watatu wanaofuata ni wazima".

Mtoto ana sikoseli? Kliniki isikatike. Penisilini kila siku mpaka miaka mitano, dawa ya kukinga malaria na foliki asidi kama alivyoelekezwa, chanjo zote, chandarua, maji ya kutosha, nguo ya joto. Jifunze kumgusa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Mwambie nesi akuonyeshe. Ukiona homa, weupe wa ghafla, tumbo kuvimba kushoto, kupumua kwa shida, au upande mmoja wa mwili kulegea, usisubiri asubuhi. Bodaboda, bajaji, chochote, nenda hospitali.

Yule mtoto wa usiku ule anasoma darasa la tatu sasa. Nampita asubuhi, sweta limefungwa mpaka shingoni, chupa ya maji inaning'inia kwenye begi. Wenzake wanamwita "mzee wa maji". Anacheka. Mama mkwe ndiye anayemjazia hiyo chupa siku hizi.

Na wewe mama uliyesoma mpaka hapa usiku huu ukiwa na mtoto begani, unayejiuliza swali lile lile: hujamkosea kitu mwanao. Ni kamba iliyosokotwa zamani sana, kabla yako, kwa mikono ya mama na ya baba, kwa sababu ya mbu. Wewe kazi yako ni kuwahi kabla fundo halijakaza.

Kesho nipo zamu ya mchana. Mwenye swali aniandikie, nitajibu nikitoka.